Jinsi ya Kuziona Seli za Rangi Zikifanya Kazi Katika Gamba la Perege

Mtu akiulizwa rangi ya ngozi ya mnyama inatoka wapi, jibu linalomjia haraka ni kwamba ngozi ina rangi kama ukuta unavyokuwa na rangi, yaani mnyama mweusi kapakwa sana na mweupe kapakwa kidogo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kwa samaki, vyura na mijusi wengi, ngozi ileile yenye kiasi kilekile cha rangi inaweza kuwa nyeusi saa nne kamili na kuwa ya kijivu saa nne na robo, bila rangi yoyote kuongezwa wala kupunguzwa, kwa sababu kilichobadilika ni mahali rangi ilipokaa ndani ya seli. Jambo hili huna haja ya kuliamini kwa maneno matupu. Linaonekana kwa macho kwa hadubini ya kawaida ya shule, ukiwa na gamba moja la perege na chumvi za aina mbili. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa sekondari, au mtu yeyote anayeweza kuazima hadubini kwa saa mbili, na nimechanganya humo makosa niliyoyafanya mwenyewe kabla ya kuupata utaratibu unaofanya kazi.

Anza na samaki mzima

Kabla ya kugusa hadubini, mtazame samaki mwenyewe akibadilika. Tafuta vifaranga sita vya perege, au sato kama uko Kanda ya Ziwa, vyenye urefu wa kidole na vilivyotoka katika bwawa moja, kisha tayarisha mabeseni mawili yanayolingana, moja jeupe na jingine jeusi. Beseni jeusi likikosekana, tandika nailoni nyeusi ndani ya beseni lolote, chini na pembeni. Tumia maji ya bwawa walimotoka, kwa kuwa maji ya bomba yaliyotiwa klorini yatawadhuru. Weka vifaranga vitatu katika kila beseni, yaweke mabeseni yote mawili karibu na dirisha moja ili yapate mwanga sawa, na uyafunike kwa chandarua, maana perege huruka.

Baada ya nusu saa, wachote samaki wote kwa pamoja na uwaweke kwenye sahani moja nyeupe yenye maji. Watazame papo hapo, kwa sababu wale wa beseni jeusi wataanza kufifia mara tu watakapoona weupe chini yao. Tofauti huwa wazi kiasi kwamba mwanafunzi atadhani umeleta samaki wa aina mbili. Warudishe, safari hii ukiwabadilishia mabeseni, na utaona zamu imegeuka.

Anayeamua hapa ni jicho. Samaki hulinganisha mwanga unaomfikia kutoka juu na ule unaoakisiwa kutoka chini. Sakafu nyeupe inarudisha mwanga mwingi, nyeusi inarudisha kidogo, na ubongo unapeleka amri kwenye ngozi kulingana na tofauti hiyo. Mwaka 1911 Karl von Frisch, yuleyule aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yake juu ya nyuki, alionyesha kwa samaki wadogo wa mito ya Ulaya kwamba amri hiyo hupita kwenye neva, na kwamba neva ikikatwa, sehemu ya ngozi iliyokuwa ikihudumiwa nayo inakuwa nyeusi. Kumbuka jambo hilo la neva, kwa maana ndilo litakalofanya chumvi yetu ya pili ifanye kazi.

Chumvi mbili zinazofanana kwa macho

Unahitaji myeyusho wa kloridi ya sodiamu, ambayo ni chumvi ya mezani, na myeyusho wa kloridi ya potasiamu, ambayo hupatikana katika maabara nyingi za shule. Yeyusha gramu 7.5 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji, na gramu 9.5 za kloridi ya potasiamu katika lita nyingine. Tofauti hiyo ya uzito isikusumbue. Potasiamu ni nzito kuliko sodiamu, hivyo inabidi upime gramu zaidi ili chupa zote mbili ziwe na idadi sawa ya chembe za chumvi, na jaribio liwe la haki. Ukikuta jibu tofauti, utajua limeletwa na aina ya chumvi na si ukali wake. Mizani yako ikiwa na uwezo wa kupima sehemu ndogo za gramu, tengeneza mililita 100 tu, kwa gramu 0.75 na 0.95. Ikiwa haina uwezo huo, tengeneza lita nzima na umwage zitakazobaki, kwa sababu kukisia kwa kijiko hakutakusaidia.

Maji yawe yaliyokenekwa. Kuwa mwangalifu dukani, kwa kuwa jina la maji ya betri hutumika kwa maji hayo safi na vilevile kwa asidi ya betri, na asidi haina kazi hapa. Mwaka wa kwanza nilipofanya somo hili nilitumia maji ya bomba matupu, nikiwaza kwamba perege ni samaki wa maji baridi, basi maji baridi yatamfaa. Nilisahau kwamba anayeishi kwenye maji baridi ni samaki, wala si seli zake. Seli zake zinaishi kwenye majimaji ya mwili yenye chumvi zaidi ya maji ya ziwa. Seli zilifyonza maji, zikavimba, nyingine zikapasuka, na mimi nikasimama mbele ya darasa nikieleza kwa kujiamini jambo ambalo halikuwa likitokea.

Ziandike chupa majina kabla ya kuzijaza, kwa wino usiofutika, kwa sababu myeyusho yote miwili ni angavu kama maji. Hakuna anayeonja.

Kulichukua gamba

Mshike samaki kwa mikono iliyoloweshwa, umlaze juu ya kitambaa chenye maji, na umfunike macho kwa upindo wa kitambaa hicho, atatulia. Chagua gamba la mgongoni, chini kidogo ya pezi la juu. Usichukue la tumboni, kwa kuwa tumbo la perege lina seli nyeusi chache sana, na utapoteza muda ukitafuta kitu ambacho hakipo. Shika kwa kibano ukingo wa gamba ulio upande wa mkia, kisha vuta kwa mkupuo mmoja kuelekea mkiani. Gamba limechomekwa chini ya majirani zake wa mbele kama vigae vya paa, na litachomoka kwa urahisi ukifuata mwelekeo huo. Kazi nzima isizidi nusu dakika. Samaki arudishwe majini mara moja, naye ataota gamba jipya baada ya wiki kadhaa. Ikiwa shule yako hairuhusu kugusa samaki hai, au kama wewe mwenyewe hupendi, chukua gamba la samaki aliyevuliwa sasa hivi na anayeelekea jikoni, kwani seli za ngozi hubaki hai kwa muda baada ya samaki kufa. Ila samaki aliyekaa juani sokoni tangu alfajiri hatakufaa. Chumvi zako zote hazitaamsha kitu.

Litumbukize gamba katika chumvi ya mezani bila kulifuta. Sehemu ya mbele, ile iliyokuwa imefichika, ni angavu na ina mistari ya miviringo kama pete za shina la mti. Sehemu ya nyuma imevikwa ngozi nyembamba yenye utelezi, nayo ndiyo yenye rangi. Watu wengi hukosea hapa, kwani wanaliweka gamba kifudifudi, ngozi ikiwa chini, na picha inatoka hafifu kwa sababu wanatazama kupitia mfupa. Lipapase kwa ncha ya sindano. Upande wa nje una utelezi na sindano hukwaruza utando laini, na upande wa ndani ni mkavu zaidi, mgumu, na umebonyea kidogo kama kijiko.

Liweke juu ya kioo cha hadubini, upande wa utelezi ukiwa juu, ongeza matone mawili ya chumvi ya mezani, na ulifunike kwa kioo chembamba. Subiri dakika tano hadi kumi. Kusubiri huku si adabu ya maabara tu. Samaki aliyeshikwa huwa na hofu, na hofu hukusanya rangi kuelekea katikati ya seli, hivyo ukitazama mapema mno unaweza kukuta kila kitu kimeshajikunyata na ukakosa pa kuanzia.

Unachokiona

Anza na lenzi ndogo kabisa, inayokuza mara 40 kwa jumla, utafute mpaka kati ya sehemu angavu na sehemu yenye rangi, kisha panda hadi mara 100. Mbele yako kutakuwa na nyota nyeusi, au za kahawia iliyoiva, zilizotawanyika na kugusana mikono. Kila nyota ni seli moja, inayoitwa melanofori. Ni seli kubwa, kiasi kwamba moja iliyotawanya rangi yake inaweza kufikia upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Panda hadi mara 400 na upunguze mwanga kwa kufunga tundu lililo chini ya meza ya hadubini. Sasa nyota si wino mmoja tena. Utaona vumbi la punje za mviringo, nyingi mno kuhesabika, kila moja ikiwa na upana wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita. Hizo ni melanosomu, vifuko vilivyojaa melanini, yaani ile rangi nyeusi yenyewe.

Chagua nyota moja yenye mikono iliyo wazi na uichore kwenye karatasi, mkono kwa mkono, kwa kalamu ya risasi. Usiruke hatua hii, nitaeleza baadaye kwa nini. Kisha, bila kusogeza kioo, dondosha tone la kloridi ya potasiamu kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, na kwenye ukingo wa pili gusisha karatasi ya kuchujia. Karatasi itafyonza chumvi ya zamani, na mpya itavutwa chini ya kioo. Rudia mara mbili. Jicho lisitoke kwenye nyota yako.

Kwa muda kama wa dakika moja hakuna kitu. Halafu ncha za mikono zinaanza kufifia. Ukikaza macho utaona kwamba hazifutiki, bali punje zilizokuwa nchani zinaondoka, zikifuatana kwa mstari kuelekea katikati, nyingine zikisita na nyingine zikirudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, kama mchwa wanaorudi kichuguuni mvua inapoanza. Baada ya dakika mbili au tatu, nyota imebaki kitone kimoja cheusi cha duara. Nyota zote zilizo jirani zimefanya hivyohivyo. Ukilitoa gamba sasa na kuliweka juu ya karatasi nyeupe kando ya gamba jingine ambalo halikuguswa na potasiamu, la kwanza litaonekana limepauka, ingawa lina melanini yote liliyokuja nayo.

Sasa fyonza potasiamu na urudishe chumvi ya mezani kwa njia ileile. Safari ya kwenda nje huchukua muda mrefu zaidi, dakika tano au hata zaidi, na punje husogea kwa kuruka na kusimama. Nyota ikishafunguka, chukua mchoro wako. Utakuta mikono imejaa palepale ilipokuwa, yenye pinda zilezile na matawi yaleyale. Vitabu vingi vya shule husema kwamba seli ya rangi inasinyaa na kutanuka, na mimi nilifundisha hivyo kwa miaka. Mchoro wa kalamu ya risasi unatosha kuonyesha kwamba usemi huo si sahihi kwa samaki. Kama seli ingekuwa inakunja mikono na kuitoa upya, ingeitoa mahali papya angalau mara moja. Seli haisogei. Mikono inabaki ilipo, mitupu na angavu, na kinachokwenda na kurudi ni mzigo uliomo ndani.

Anayebeba mzigo

Punje haziogelei. Ndani ya melanofori kuna nyuzi ngumu, mikrotubuli, zilizotoka katikati ya seli na kuelekea ukingoni kama spoki za gurudumu la baiskeli. Juu ya nyuzi hizo hutembea protini ambazo sina neno zuri la kuziita zaidi ya mahamali. Hamali mmoja, dainini, anajua njia ya kwenda katikati tu. Mwingine, kinesini, anajua njia ya kwenda nje tu. Punje moja hushikwa na mahamali wa pande zote mbili, na ndiyo sababu uliziona zikisita na kurudi nyuma. Karibu na ukingo yuko wa tatu, maiosini, anayezipokea na kuzisambaza kwenye nyuzi laini za huko ili zisirundikane mahali pamoja.

Anayeamua hamali gani afanye kazi ni kemikali ndogo ndani ya seli iitwayo cAMP. Kiasi chake kikishuka, dainini anashinda na punje hukusanyika. Kikipanda, kinesini na maiosini wanashinda na punje hutawanyika. Hapa ndipo potasiamu inapoingia. Ulipong'oa gamba, uling'oa pamoja nalo ncha za neva zilizokuwa zimeshikamana na seli za rangi, na ncha hizo bado zina akiba ya noradrenalini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe. Potasiamu nyingi iliyomiminwa nje ya neva huidanganya neva kwamba imepokea amri kutoka kwenye ubongo, nayo inaiachia akiba yake. Noradrenalini inagusa seli ya rangi, cAMP inashuka, na mzigo unaingia ndani. Kwa maneno mengine, umelipa gamba lililotengwa na mwili ile amri ambayo beseni jeupe lilimpa samaki mzima.

Homoni nazo zina sauti. Ile iitwayo MSH, itokayo kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, hupandisha cAMP na kuitia ngozi weusi. Melatonini, ambayo siku hizi watu huijua kama homoni ya usingizi, ilitafutwa na kupatikana kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mwaka 1917 McCord na Allen waliona viluwiluwi wakipauka baada ya kulishwa dondoo la tezi ya pineali ya ng'ombe, na mwaka 1958 Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa chuo kikuu cha Yale, akaitenga kemikali yenyewe. Kipande cha kwanza cha jina lake kimetokana na melanini.

Kupima badala ya kukisia

Ukitaka somo liwe na takwimu, tumia kipimo cha Hogben na Slome. Lancelot Hogben alikuwa Mwingereza aliyefundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, akimchunguza chura wa majini wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ambaye hupauka anapoondolewa pituitari. Mwaka 1931, pamoja na Slome, alitoa kipimo cha alama moja hadi tano, ambapo moja ni kitone cha duara, mbili ni kitone kilichoanza kuchomoza, tatu ni nyota fupi, nne ni nyota ndefu, na tano ni mtandao ambao mikono yake imeungana na ya majirani. Zitazame melanofori kumi kila baada ya nusu dakika, zipe alama, tafuta wastani, na uchore grafu. Mwanafunzi mmoja atazame na mwingine aandike, kwa sababu anayeondoa jicho ili aandike huipoteza seli yake.

Melanini yenyewe hutengenezwaje

Hadi sasa tumeishughulikia rangi iliyokwisha kutengenezwa. Utengenezaji wake hauonekani kwa hadubini, lakini ndugu yake wa karibu unaonekana jikoni. Menya kiazi mviringo, kikate vipande viwili, kimoja ukipake ndimu, na uviache mezani. Kile kisichopakwa kitageuka kahawia na kuelekea weusi. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya chenye madini ya shaba kinachoshika asidi amino iitwayo tairosini na, kwa msaada wa oksijeni, kuigeuza kuwa vitu vyeusi. Ndimu hukizuia kwa uchachu wake. Katika ngozi ya mnyama kazi kama hiyo hufanywa na tairosinasi, nayo pia ina shaba. Inaigeuza tairosini kuwa dopa, kisha kuwa dopakwinoni, na kuanzia hapo njia zinagawanyika. Ikiachwa iendelee yenyewe, inatoka melanini nyeusi au ya kahawia. Ikikutana na sisteini, asidi amino yenye salfa, inatoka melanini ya manjano au nyekundu, kama ile ya manyoya ya ng'ombe mwekundu. Kazi yote hufanyika ndani ya vile vifuko, kwa kuwa vitu vya katikati ya njia ni vikali na vingeiumiza seli kama vingeachwa huru.

Kwa hiyo mnyama mwenye ualbino hakukosa seli za rangi. Seli zipo mahali pake, lakini kiwanda kilicho ndani yake kina hitilafu, na vifuko vinabaki bila melanini ya kutosha. Hali hiyo ni tofauti na mabaka meupe ya paka au ng'ombe wa madoa. Seli za rangi huzaliwa mgongoni mwa kiinitete, karibu na mahali ambapo uti wa mgongo unaundwa, kisha husafiri chini ya ngozi kuelekea tumboni na miguuni. Zisipofika au zisipoongezeka vya kutosha njiani, sehemu za mwisho wa safari hubaki nyeupe, na ndiyo maana paka wa namna hiyo huwa mweupe kifuani na kwenye nyayo, na ni nadra sana kumkuta na mgongo mweupe na tumbo jeusi.

Rangi nyingine zilizomo katika gamba lilelile

Rudi kwenye hadubini, kwenye mara 100. Kati ya nyota nyeusi kuna mawingu ya manjano yasiyo na mipaka mikali. Hizo ni zanthofori, na sehemu ya rangi yake ni karotenoidi, ambazo mnyama hawezi kujitengenezea na hulazimika kuzila. Flamingo wa Ziwa Natron wanapata wekundu wao kwa njia hiyohiyo ya chakula, ingawa kwao rangi huishia kwenye manyoya.

Sasa zima taa ya chini na umulike gamba kutoka juu kwa tochi, kwa pembeni. Melanofori zitafifia, na mahali palipokuwa patupu patang'aa kwa vipande vya fedha na buluu. Umeziona iridofori. Hazina rangi hata kidogo. Zimejaa fuwele bapa za guanini, kemikali ileile iliyomo katika DNA, ambazo huakisi mwanga. Buluu ya samaki na mijusi wengi ni ya namna hiyo, na kijani cha chura kwa kawaida ni manjano iliyolazwa juu ya buluu hiyo, huku weusi ukiwa chini kunyonya mwanga uliosalia. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga mmoja wa Madagaska, Furcifer pardalis, hubadili kijani kuwa manjano au nyekundu kwa kubadili nafasi kati ya fuwele hizo. Kwa hiyo ile hadithi ya kinyonga anayemwaga rangi ndani ya ngozi inahitaji kurekebishwa.

Ukiwa karibu na Ziwa Victoria, jaribu pia gamba la furu dume aliyekomaa. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, amepewa jina la ukoo kwa Kiswahili na jina la pili kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa kijivu cha buluu. Majike huchagua kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yanapofifia kwa uchafuzi, majike hushindwa kutofautisha, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika.

Usimchukue pweza ukadhani utaona mambo yaleyale. Kitone cha rangi cha pweza ni kifuko kilichozungukwa na misuli inayokivuta pande zote, na misuli hiyo inaongozwa moja kwa moja na ubongo, ndiyo maana hubadilika kwa muda usiofika sekunde. Kwa pweza, usemi wa kutanuka na kusinyaa ni halali kabisa. Wala gamba la perege halielezi kila kitu kuhusu ngozi ya mbwa au ya binadamu. Seli zetu za rangi, melanositi, hazichezi na punje zake namna ile. Huzigawa kwa seli jirani za ngozi na za nywele, na zikishagawiwa hazirudi. Idadi ya melanositi haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni ukubwa, wingi na aina ya melanini katika punje zinazogawiwa.

Gamba moja litavumilia mizunguko kadhaa ya chumvi kwa saa mbili tatu, mradi usiliache likauke. Ongeza tone pembeni kila unapoona kiputo cha hewa kikiingia. Kila mzunguko utakuwa dhaifu kidogo kuliko uliotangulia, kwa sababu akiba ya noradrenalini iliyobaki kwenye ncha za neva haijazwi tena. Kama samaki wako bado yuko hai bwawani au kwenye tangi, andika tarehe na uhesabu gamba ulilolichukua ni la ngapi kutoka kwenye pezi la juu, kisha baada ya miezi miwili ung'oe lililoota mahali pale pale na uchore tena nyota zake.